Kadi ya Lucas

Siku ya kupima watoto kwenye shamba la kahawa ilikuwa Jumatano ya pili ya Oktoba, mwaka 2023. Shamba lenyewe liko upande wa Oldeani, pale ambapo mibuni inakoma na msitu wa Ngorongoro unaanza, na asubuhi ukungu hushuka kutoka juu hadi kwenye mabati ya kota za wafanyakazi. Angelina Bura, muuguzi wa zahanati ya jirani, alifika saa mbili na nusu kwa bodaboda, mizani ikiwa ndani ya mfuko mapajani. Ubao wa kupimia urefu ulikuwa umetangulia na trekta la shamba.

Kituo cha kulelea watoto kilikuwa na wiki sita tu tangu kifunguliwe. Kabla ya hapo akina mama walichuma kahawa huku watoto wakiwa mgongoni, au waliwaacha kwa yeyote aliyebaki kota siku hiyo. Mwenye shamba alisafisha chumba kilichokuwa cha kuhifadhia magunia, akaajiri mlezi, na akaweka sharti moja: mtoto hapokelewi bila kadi ya kliniki. Mlezi alikuwa Laurencia, mjane wa pale pale Karatu, mwenye sauti ya kanisani na magoti mabovu. Kadi zote alizitunza kwenye boksi la biskuti juu ya kabati.

Watoto walikuwa ishirini na mmoja. Wazazi wao wengi walitoka Singida, Dodoma na Mbulu, wakaja kwa ajili ya msimu na wengine wakasahau kurudi. Angelina alipima kwa mpangilio uleule wa siku zote: uzito, urefu, mkono, kisha kadi. Kufikia saa nne alikuwa ameshapata wawili waliokonda kidogo na mmoja mwenye vidonda vya pembe za mdomo. Hakuna kilichomshangaza.

Mtoto wa kumi na tatu aliitwa Lucas Ignas. Kadi ilisema amezaliwa tarehe tisa Februari 2021, katika kijiji kimoja cha Singida. Miezi thelathini na miwili. Laurencia alimleta amembeba, akamvua shati na suruali, akamweka kwenye mizani.

"Tisa nukta tatu," Angelina alisoma. Akaizima mizani, akaiwasha, akampima upya. Tisa nukta tatu.

Kwa umri ule alitakiwa kupimwa urefu akiwa amesimama, lakini alikuwa hasimami bila kushika kitu, kwa hiyo walimlaza kwenye ubao kama mtoto mchanga. Sentimita sabini na saba na milimita mbili. Angelina hakuhitaji majedwali ili ajue, ila aliyafungua kwa sababu ndivyo alivyozoea. Uzito kwa umri ulianguka kwenye nyekundu. Urefu kwa umri ulikuwa chini ya mstari wa mwisho kabisa. Kisha akazungusha utepe kwenye mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, na utepe ukasimama kwenye kijani: kumi na nne nukta moja. Mashavu yalijaa. Ngozi iling'aa.

"Huyu anakula?" aliuliza.

"Anakula kuliko wote humu ndani," alisema Laurencia. "Na mama yake anamletea chakula chake kwenye kikopo, hataki hiki uji wetu peke yake."

"Anaongea?"

"Mama tu. Na kelele."

"Akiitwa anageuka?"

Laurencia alifikiri kidogo. "Hapana. Huyu ukimwita Lucas hageuki hata kidogo. Mimi nilisema ni ukaidi."

Angelina alisimama nyuma ya mtoto, akaita kwa sauti ya kawaida: "Lucas." Mtoto aliendelea kuvuta mkanda wa mfuko wa mizani. Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Mtoto akauweka mkanda mdomoni. Angelina akapiga kofi moja, na mtoto akageuka papo hapo kumtazama.

"Kwa hiyo anasikia," alisema Angelina, zaidi akijiambia mwenyewe.

Akampapasa kichwani. Utosi ulikuwa haujafunga. Chini ya kidole ulikuwa laini na unapwita. Akamfungua mdomo akahesabu meno: manne juu, manne chini, magego hakuna. Mtoto wa miaka miwili na miezi minane. Angelina alikuwa kazini mwaka wa kumi na moja na watoto wa aina hiyo alikuwa amewaona wawili tu, wote wa mama waliokosa madini joto wakati wa mimba. Wale nao walikuwa wafupi, wazito wa akili, wenye utosi uliochelewa kufunga na meno yaliyochelewa kuota. Hakupenda kuandika jina la ugonjwa huo kwenye daftari kabla ya kuonwa na tabibu, kwa hiyo aliandika namba peke yake.

Alitazama kadi tena. Chanjo zote za mwanzo zilikuwa zimegongwa mihuri, hadi ile ya surua ya miezi tisa. Vidoto vya uzito, zile nukta za kalamu kwenye chati, vilipanda vizuri hadi mtoto alipofikisha miezi kumi, vikaanza kulala, vikashuka kidogo kidogo kwa miezi minne, kisha mwezi wa Mei 2022 kikaja kidoto cha juu ghafla: kilo tisa na gramu mia mbili. Pembeni mtu wa kliniki ile alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, Anaendelea vizuri. Baada ya hapo hakukuwa na kitu kwa miezi kumi na saba. Angelina akaweka kidoto chake cha kilo tisa na gramu mia tatu mwishoni mwa pengo lile. Gramu mia moja kwa miezi kumi na saba. Akapiga mstari kuviunganisha viwili hivyo kwa rula.

Mama yake aliitwa kutoka shambani. Alikuja akiwa bado na kikapu kiunoni, mwanamke mrefu wa miaka ishirini na tano hivi, jina lake Vumilia, vidole vyeusi kwa utomvu wa kahawa.

"Karibu, Mama Lucas," alisema Angelina.

Vumilia hakuitikia mara moja. Aliangalia nyuma yake kana kwamba kuna mtu mwingine ameingia. Kisha akasema, "Ahsante, sista," akakaa kwenye ukingo wa benchi.

Angelina alimweleza kwa upole kwamba mtoto amedumaa, kwamba kuna dalili nyingine pia, na kwamba atahitaji kuonwa na tabibu wa zahanati na pengine kupimwa damu Arusha. Vumilia alisikiliza macho yakiwa kwenye kadi iliyofunguliwa mezani, kwenye ule mstari mpya wa wino wa bluu.

"Umechora humu?" aliuliza.

"Nimejaza uzito wa leo."

"Sawa," alisema Vumilia. Alisema sawa kwa kila kitu kilichofuata, na alipoulizwa kama ana swali akasema hana.

Tabibu wa zahanati, Leonce, alimwona mtoto Ijumaa. Alikuwa kijana makini, aliyetoka chuoni miaka miwili nyuma, na ugonjwa wenyewe alikuwa ameusoma kitabuni tu. Alipapasa shingo ya mtoto, akampima kichwa, akarudia kuita jina lile na kupuuzwa. Siku hiyo hiyo akaandika rufaa kwenda hospitali ya Arusha na akapiga simu kuomba nafasi. Walimpa tarehe baada ya wiki mbili. Kazi ya Angelina kabla ya tarehe hiyo ilikuwa kwenda nyumbani kwa mtoto, kuuliza vyakula na kupima kama chumvi yao ina madini joto.

Alikwenda Jumapili mchana, baada ya misa, siku ambayo hakuna kuchuma. Kota za wafanyakazi zilikuwa safu tatu za vyumba vya matofali vilivyotazamana. Vumilia alikuwa nje, anapepeta karanga kwenye ungo. Mume wake, Ignas, alikuwa amekwenda mnadani Karatu. Mtoto alikuwa chini kwenye mkeka, amekamata kifuniko cha sufuria.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Nimekuja kukusumbua kidogo tu."

Chumvi ilikuwa kwenye kopo la plastiki. Angelina alimimina kijiko kimoja kwenye kisahani, akadondosha matone mawili ya dawa kutoka kwenye kichupa, na chumvi ikageuka zambarau iliyokolea. Ilikuwa na madini joto ya kutosha na ziada.

"Mnanunua hii siku zote?"

"Hii hii. Hata nyumbani Singida tulikuwa tunatumia ya pakiti."

Angelina akaandika. Kisha akamwomba amtajie kila kitu alichokula mtoto tangu jana asubuhi, asiruke hata kidogo. Vumilia alitaja bila kusita, kama mtu anayesoma. Uji wa ulezi wenye karanga alizosaga mwenyewe. Yai moja. Parachichi nusu. Mchana ugali laini na dagaa waliotwangwa, na mboga ya mnafu. Jioni maharage yaliyopondwa, kidogo ya mtindi kutoka kwa mfugaji mmoja Mmang'ati anayepita na baiskeli. Asubuhi hii yai lingine. Na nyonyo, usiku na mchana.

"Bado ananyonya?" Angelina aliinua kichwa. "Miaka miwili na miezi minane?"

Vumilia alirudi kwenye karanga zake.

"Na wewe? Umekula nini tangu jana?"

"Mimi?" Vumilia alicheka kidogo. "Chai. Ugali."

"Ugali na nini?"

"Na mchuzi uliobaki."

Angelina alikuwa anaandika hilo pale jirani alipotoka chumba cha pili. Alikuwa Elizabeti, mama wa makamo kutoka Dodoma, amejifunga taulo kichwani. Hakumwona mgeni mara moja. Alimwona mtoto, akachuchumaa mlangoni kwake na kunyoosha mikono.

"Isaya! Isaya wangu! Njoo kwa bibi!"

Mtoto alitupa kifuniko. Aligeuka mzima mzima, akacheka kwa meno yake yote manane, akasimama kwa kushika ukuta na kuanza kwenda, hatua mbili ameshika, hatua tatu bila kushika, hadi akamwangukia Elizabeti magotini.

"Mama Isaya, umeona? Leo katembea!" Ndipo Elizabeti akamwona Angelina na sare yake. "Ah, karibu dada, kumbe kuna mgeni."

Angelina aliitazama kalamu mkononi. Miaka minne ya mwanzo ya kazi yake aliifanya Arash, kwenye maboma ya Wamasai, ambako watoto wengi hawakuwa na tarehe. Mama mmoja wa kule, Nasieku, alimweleza umri wa mtoto kwa mvua na kwa ndama, na hesabu yake ilipofuatiliwa ikakutwa imepishana na ukweli kwa juma moja tu. Kule Angelina alikuwa haamini umri wowote kabla ya kuuchunguza. Alipohamia Karatu, watoto wakaja na kadi zenye mihuri, naye akaacha kuuliza.

Elizabeti, aliyekuwa mwepesi wa kuelewa hali, alimbeba mtoto na kwenda naye upande wa bomba la maji.

"Huyu ni nani?" aliuliza Angelina.

Vumilia aliuweka ungo chini. "Ni Isaya."

"Na Lucas?"

"Lucas ni kaka yake." Alifuta vidole kwenye khanga, kimoja kimoja. "Alifariki."

Alisimulia polepole, bila kulia. Alikuwa na Lucas wa miezi minane alipopata mimba nyingine. Mimba ilipojulikana, mtoto alikuwa ameingia mwezi wa kumi, na mama mkwe akamwambia amwachishe ziwa mara moja, kwa sababu maziwa ya mwanamke mjamzito yanaharibika na yatamharishia mtoto. Akamwachisha. Mwaka ule mvua haikuwa nzuri. Mahindi yalikuwepo kidogo, vingine havikuwepo. Lucas alikunywa uji mweupe asubuhi na jioni. Alikuwa mtoto wa kulialia, nywele zikageuka rangi, zikawa laini kama za mzungu. Mwezi wa tano akaanza kunenepa.

"Kunenepa wapi?" aliuliza Angelina, ingawa alikuwa ameshaelewa. Kadi ilikuwa mapajani kwake na kidoto kile cha juu kilikuwa chini ya kidole chake.

"Miguu. Uso. Mikono. Nilifurahi, sista. Niliwaambia watu, mwanangu amenenepa sasa. Nikampeleka kliniki, nesi akampima, akaniambia ameongezeka karibu kilo. Akaandika hapo." Alionyesha wino mwekundu. "Siku ya tisa baada ya hapo akafariki. Nilikuwa na mimba ya miezi saba."

Mwezi uliofuata yeye na Ignas walihama. Isaya alizaliwa hapa hapa kota, Julai tarehe tatu, Elizabeti akiwa mkunga. Zahanati hakwenda. Alisikia kwamba wanaojifungulia nyumbani hugombezwa mbele za watu, akaogopa. Halafu mwezi ukapita, ikapita miwili, na kila mwezi uliopita ukafanya kwenda kuwe kugumu zaidi. Kituo cha watoto kilipofunguliwa wakadai kadi. Kadi aliyokuwa nayo ilikuwa ni moja.

"Kwa hiyo hajachanjwa," alisema Angelina.

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Angelina alihesabu kimya kimya. Miezi kumi na mitano, kilo tisa nukta tatu, sentimita sabini na saba. Utosi wazi, meno manane, hatua tatu bila kushika. Hakuna chochote kilichokuwa na kasoro. Mtoto alikuwa anakua vizuri kuliko nusu ya watoto wa kituo kile, na alikuwa amebakiza chini ya wiki mbili apelekwe Arusha kutolewa damu kwa ugonjwa wa marehemu ambaye naye hakuwa nao.

"Sista," alisema Vumilia. "Lucas aliumwa nini?"

Angelina angeweza kusema hajui; hakuwa amemwona. Alifikiria kusema hivyo.

"Ule haukuwa unene," alisema. "Yalikuwa maji. Mtoto akikosa vyakula vya kujenga mwili kwa muda mrefu, anaweza kukonda, au anaweza kuvimba. Akivimba, mizani inapima na yale maji. Wanaita kwashakoo. Ungebonyeza mguu kwa dole gumba ungeona shimo linabaki."

Kule bombani Isaya alikuwa anapiga kelele za furaha, anamwagiwa maji miguuni.

"Ni kwa sababu nilimwachisha?"

"Ilichangia. Maziwa yako hayakuwa yameharibika. Yalikuwa na kitu ambacho uji mweupe hauna." Angelina akaendelea, "Lakini wewe hukusomea hayo. Aliyekuwa na mizani alisomea. Alitakiwa kumbonyeza miguu kabla ya kuandika."

"Alikuwa na watu wengi siku ile," alisema Vumilia, kana kwamba anamtetea.

Jumatano Angelina mwenyewe alikuwa amepima watoto ishirini na mmoja, na miguu aliyoibonyeza haikufika mitano. Mingine aliitazama tu.

Kabla ya kuondoka alichukua utepe mwingine kwenye mfuko, wa watu wazima, akamwomba Vumilia akunje mkono. Ulisoma ishirini nukta nane, mkono wa mtu aliyekonda. Akamvuta kope la chini: kwa ndani palikuwa peupe kama karatasi.

"Unapata kizunguzungu?"

"Nikipanda kule juu na kikapu. Si watu wote wanapata?"

"Mayai yale unayompa mtoto, wewe unakula lini?"

"Mimi ni mtu mzima."

"Unanyonyesha. Mwili wako unatoa, kisha hauingizi."

"Nikila mimi, yeye atapungukiwa," alisema Vumilia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilipanda. "Wewe umeniambia mwenyewe sasa hivi kilichomuua Lucas. Halafu unaniambia nile yai lake?"

Angelina alikuwa amefundisha somo la makundi ya vyakula mara nyingi kiasi cha kulisema akiwa usingizini. Hakulisema. Alimwambia tu aje zahanati kesho jioni apimwe damu, alete mtoto, na amlete na Ignas.

Walikuja wote watatu. Damu ya Vumilia ilikuwa saba nukta tisa, wakati ilitakiwa ifike kumi na mbili. Leonce aliitazama namba ile, akaitazama na karatasi ya rufaa ya Arusha iliyokuwa bado mezani, akaichana vipande vinne.

"Nimepiga simu mara tatu kuomba ile nafasi," alisema.

"Piga ya nne uwarudishie," alisema Angelina.

Ignas alikuwa mtu mfupi, mpulizia dawa wa shamba, mwenye tabia ya kuvua kofia na kuivaa tena. Alikuwa akijua habari ya kadi tangu mwanzo na alidhani wamekuja kushtakiwa. Alipoelewa kwamba si hivyo, alikasirika kwa jambo lingine.

"Mimi naleta trei la mayai kila mnada," alisema. "Nilijua tunakula wote. Kumbe mimi nakula, mtoto anakula, yeye anatuangalia?"

"Sikuwa naangalia," alisema Vumilia.

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

Angelina alimpa Ignas vidonge vya kuongeza damu vya mwezi mzima na kumweleza yeye badala ya mke: kimoja kila siku, asimeze na chai, ale kitu kichachu kama chungwa au limau, na kama kichefuchefu kikizidi asiache, arudi. Dagaa waongezwe, mayai yagawanywe kwa vichwa vitatu. Mtoto atakula kidogo kuliko anavyokula sasa na hatadhurika, kwa sababu anakula zaidi ya mahitaji yake. Ignas alirudia maelezo yote kwa sauti, akihesabu kwa vidole.

Kwa Isaya walifungua kadi mpya. Angelina aliandika jina, tarehe tatu Julai 2022, mahali pa kuzaliwa: nyumbani. Akaweka kidoto kimoja, na kidoto kilikaa kwenye kijani. Mtoto alichomwa sindano mbili siku ile, moja kila paja, akalia hadi watu wa nje wakacheka. Ratiba ya zilizobaki ingechukua miezi.

Kisha Angelina akaichukua kadi ya zamani. Kwa utaratibu, alichokiandika kimakosa alitakiwa kukikata kwa mstari mmoja, kuweka tarehe na sahihi, na kadi isiyo na mwenyewe ibaki zahanati. Alikata kidoto cha Oktoba na ule mstari wa rula, akaweka tarehe na sahihi. Sehemu ya pili ya utaratibu hakuitekeleza. Vumilia aliipokea kadi kwa mikono miwili, akaikunja kwenye mikunjo yake ileile ya zamani na kuiingiza kifuani.

Wiki iliyofuata Angelina alirudi kituoni na kupima upya watoto wote. Laurencia alinung'unika kwamba wamepimwa juzi tu. Safari hii alianza na miguu: dole gumba juu ya kila mguu, akahesabu polepole hadi tatu, akaachia, akatazama. Kazi ilichukua hadi saa tisa mchana. Hakukuta shimo kwa yeyote. Akaandika hivyo, hakuna, mara ishirini na moja, na akapanda bodaboda kurudi.

Kumeza vidonge hakukwenda vizuri mwanzoni. Vumilia alitapika wiki nzima, akaacha siku nne, Ignas akamrudisha zahanati kwa maneno makali. Angelina akambadilishia muda, ameze usiku baada ya chakula, na hiyo ikafaa. Kuhusu mayai, Elizabeti aliripoti, bila kuulizwa, kwamba Ignas alikuwa amezoea kukaa mlangoni hadi mke wake amalize la kwake. Mwishoni mwa Novemba damu ilikuwa tisa nukta sita. Vumilia mwenyewe aliomba achomwe sindano ya uzazi wa mpango; alisema anataka Isaya afike miaka miwili na nusu bila mwenzake tumboni. Leonce aliandika ombi hilo kwenye faili kama alivyoandika mengine yote.

Krismasi walikwenda Singida. Ilikuwa mara yao ya kwanza tangu wahame. Walirudi katikati ya Januari, na Vumilia alifika zahanati kwa chanjo ya mtoto na kupima damu yake. Kumi na moja kasoro kidogo. Uso wake ulikuwa umejaa, na Angelina alipomgusa mguu kwa kidole, kwa tahadhari tu, Vumilia alitabasamu na kuunyoosha mguu vizuri ili aone.

"Mlikwenda kaburini?" aliuliza Angelina.

"Tulikwenda. Ignas alijengea kwa matofali. Mama mkwe naye alikuwepo, alilia sana. Anampenda mno Isaya, hakutaka kumshusha."

"Ulimwambia?"

Vumilia alijua anaulizwa nini. Alikuwa anamvalisha mtoto soksi, na mtoto alikuwa anaivua kila anapovalishwa.

"Nilitaka. Nilipanga maneno njia nzima. Tukafika, nikamkuta amezeeka, macho hayaoni vizuri, bado anasema, Lucas wetu alirogwa na watu wa ng'ambo ya bonde. Hasemi nao mpaka leo." Akaiacha soksi. "Nikamwambia tu hapakuwa na mchawi. Nikamwambia daktari wa Karatu ameangalia kadi, akasema alikuwa mgonjwa. Akaniuliza, mgonjwa wa nini? Nikasema wa tumbo."

"Na habari ya kumwachisha?"

"Hiyo sikusema." Alimwinua mtoto na kumweka begani. "Wifi yangu ana mimba na ana mtoto wa mwaka. Yeye nilimwita pembeni, nikamwambia asimwachishe. Nikamwambia kwa nini. Alisikia."

Angelina aliandika tarehe ya chanjo inayofuata. Nje mvua za Januari zilikuwa zimekata, na magari ya watalii yalikuwa yanapandisha kwenda geti la Ngorongoro, taa zimewashwa mchana. Vumilia aliuliza kama tarehe hiyo inaweza kuwahishwa siku mbili, kwa kuwa Ignas amepata kibarua cha vitunguu Mang'ola na huenda wakahama mwisho wa mwezi. Angelina alitazama kalenda ukutani, akasema inawezekana, akaandika tarehe mpya.